Uwanja wa ndege kwenye picha ya guka: Hivi ndivyo utajua ni wapi

TUSEME umeenda ushago Desemba. Katika kupekuapekua sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha shosho, unapata picha kuukuu, nyeusi na nyeupe, pembe zake zimekunjika. Wanaume sita wamesimama kwenye nyasi. Nyuma yao kuna ndege yenye propela moja puani, na mbali kabisa kuna mlima. Ukigeuza picha, mtu ameandika kwa kalamu: “Nanyuki, 1943.”

Shosho anaitazama kidogo, anakuonyesha mwanamume wa tatu kutoka kushoto na kusema, “Huyo ni guka wako.” Kisha anaendelea kuchambua maharagwe.

Wengi wetu tungefanya nini hapo? Tungetoa simu, tupige picha ya hiyo picha, tuiweke kwenye status: “Guka alipigana na Hitler.” Likes zingemiminika, binamu wangeomba kutumiwa, na baada ya wiki moja hiyo ingekuwa historia rasmi ya familia.

Sasa jiulize: na kama si Nanyuki? Na kama si 1943?

Usione ni swali dogo. Miaka kumi tu ikikosewa, mtu aliyekuwa kwenye vita vya Wazungu dhidi ya Wazungu anajikuta kwenye vita vilivyopiganwa hapa kwetu, katika msitu unaoonekana kutoka shambani kwenu. Ndiyo maana inafaa ujue jinsi ya kuuhoji uwanja wa zamani wa kijeshi uliomo ndani ya picha. Huhitaji digrii. Unahitaji simu, subira, na macho yasiyoamini haraka.

Maandishi ni shahidi, si hakimu

Anza kwa kushuku maandishi yaliyo nyuma ya picha. Mara nyingi yaliandikwa miaka mingi baadaye, na mtu ambaye hakuwepo au aliyekuwa akikisia. Hata yakiwa ya kweli, huenda hayatoshi.

Chukua neno “Nairobi.” Ukiona picha ya ndege imeandikwa “uwanja wa Nairobi,” ni upi huo? Kuna uliokuwa ukiitwa Nairobi West, ambao RAF, yaani jeshi la wanahewa la Uingereza, iliuchukua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo unaujua kama Wilson, jina ulilopewa 1962. Kuna Eastleigh, uliofunguliwa kama kambi ya RAF mwaka wa 1940, na ambao leo ni kambi ya wanahewa ya Moi. Eastleigh ilipokea pia ndege za abiria hadi Embakasi ilipofunguliwa 1958. Binti mfalme Elizabeth alipowasili Kenya Februari 1952, alitua Eastleigh. Kwa hivyo kuona abiria waliovalia suti na kofia hakutoshi kusema kwamba hiyo si kambi ya jeshi.

Majina nayo hubadilika. Kambi ya Nanyuki sasa inaitwa Laikipia. Na kuna majina yanayoweza kukuchanganya kabisa: jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na desturi ya kuvipa vituo vyake vya ndege majina ya ndege wa porini. Lilipofika kwetu likachukua ya Kiswahili. Karakana yake ya ndege jijini Nairobi iliitwa HMS Korongo, na kituo chake cha Kilindini kikaitwa HMS Kipanga. Ukikuta “HMS Korongo” kwenye barua au kadi ya zamani, usianze kutafuta meli. Unatafuta mahali palipo mamia ya kilomita kutoka baharini.

Ndege inakwambia mwaka

Ukishaweka maandishi kando, tazama ndege yenyewe. Usijali kama hujui aina yake. Tafuta kwanza alama ya duara iliyochorwa ubavuni. Ndege za RAF zilikuwa na miduara ya nyekundu, nyeupe na buluu. Kwenye picha isiyo na rangi huwezi kuona rangi hizo, lakini unaweza kuona upana.

Kuanzia 1942, katikati ya vita, mduara mweupe ubavuni mwa ndege ulikuwa mwembamba sana, na nje kulikuwa na ukingo mwembamba wa manjano. Kuanzia 1947, miaka miwili baada ya vita kwisha, RAF ilirudi kwenye alama iliyo wazi zaidi, yenye mduara mweupe mpana unaoonekana vizuri. Kwa hivyo ukiona mduara mweupe mpana kwenye picha iliyoandikwa “1943,” inua nyusi. Kitu fulani hakiingiani.

Baada ya alama, tafuta aina ya ndege. Lakini jihadhari na mtego mmoja. Mwaka wa 1940 kulikuwa na ndege aina ya Junkers Ju 86, zilizoundwa Ujerumani, zikiruka kutoka viwanja vya Kenya. Mtu asiyejua ataziona kwenye picha na kuapa kwamba huo ni uwanja wa Wajerumani. La hasha! Zilikuwa za Afrika Kusini. Zilinunuliwa kubeba abiria kabla ya vita, na vita vilipoanza zikageuzwa kuwa za kurusha mabomu dhidi ya Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Ndege haina utaifa wa kiwanda chake. Ina utaifa wa alama iliyochorwa ubavuni.

Mtego mwingine ni kudhani kila uwanja una lami. Vingi vilikuwa nyasi iliyofyekwa au murram iliyoshindiliwa. Vingine havikuwa na ardhi kabisa. Kule Kipevu, Mombasa, ndege kubwa aina ya Catalina zilitua na kupaa majini, zikitoka hapo kwenda kuwinda nyambizi katika Bahari Hindi. Ukiwa na picha ya ndege inayoelea huku minazi ikiwa nyuma, usitafute njia ya kurukia ndege. Tafuta ufuo.

Mlima haujahama

Ndege huondoka, mabanda hubomolewa, mabati huibwa. Mlima unabaki palepale. Huyo ndiye shahidi wako bora.

Mfano rahisi ni Kilimanjaro. Una vilele viwili vinavyojulikana: Kibo, mpana wenye theluji, na Mawenzi, uliochongoka. Ukisimama Amboseli, upande wetu, Mawenzi uko mkono wako wa kushoto. Ukisimama Moshi, upande wa Tanzania, Mawenzi uko mkono wa kulia. Kwa hivyo picha ya ndege mbele ya Kilimanjaro inaweza kukwambia mpigaji alisimama upande gani wa mlima, hata kama hakuandika neno lolote. Hili lina maana kwa sababu Waingereza walikuwa na viwanja vya ndege katika eneo hilo tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Maktau na Mbuyuni, sehemu ambazo leo ziko Kaunti ya Taita Taveta.

Lakini kabla ya kushangilia, hakikisha picha haijageuzwa. Zamani fundi wa picha angeweza kuiweka filamu kinyume wakati wa kusafisha, na kulia kukawa kushoto. Soma herufi na nambari zilizo kwenye ndege, lori au kibao. Zikisomeka kinyume, geuza picha kwanza. Kama hakuna maandishi, angalia vifungo vya mashati: ya wanaume huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji.

Sasa rudi kwa milima. Ukiwa Nairobi, tafuta Ngong, vile vilele vinavyofanana na vifundo vya ngumi. Ukiwa Nanyuki, Mlima Kenya uko karibu, upande wa kusini-mashariki, na kilele chake ni kama jino lililovunjika. Ukiwa Mweiga, karibu na mji wa Nyeri, Mlima Kenya uko mbali zaidi, upande wa mashariki, na kilicho karibu nawe upande wa magharibi ni Aberdare. Huo hauna jino. Ni mgongo mrefu uliolala, ambao Wagikuyu waliuita Nyandarua, jina ambalo wazee hulihusisha na mkunjo wa ngozi iliyoanikwa.

Ichukue simu, ufungue ramani ya setilaiti yenye uwezo wa kuinamisha picha ili uone milima kwa ubavu. Jiweke mahali unapodhani uwanja ulikuwa, kisha zunguka taratibu. Linganisha mstari wa juu wa mlima na ule wa kwenye picha. Ukiingiana, vizuri. Usipoingiana, usilazimishe.

Kivuli na upepo

Mwongozo wa Ulaya utakwambia kwamba adhuhuri kivuli huelekea kaskazini siku zote. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, hiyo ni njia ya kupotea. Jijini Nairobi, jua la adhuhuri mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, kwa hivyo kivuli huelekea kusini. Desemba ni kinyume chake. Asubuhi na jioni ni rahisi zaidi: asubuhi kivuli hulala magharibi, jioni mashariki.

Upepo nao ni shahidi. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa hivyo waliochora viwanja waliuliza kwanza upepo unavuma kutoka wapi. Nambari kubwa zinazoandikwa mwanzoni mwa njia ya ndege ni dira tu iliyofupishwa: 06 ni nyuzi 60, na 24 ni nyuzi 240. Uwanja wa Mombasa una njia mbili. Moja ni 03 ukielekea kaskazini-mashariki, nyingine ni 15 ukielekea kusini-mashariki. Mwulize mvuvi yeyote wa Pwani kaskazi inatoka wapi na kusi inatoka wapi. Atakuonyesha pande hizohizo kwa mkono, bila dira.

Basi kwenye picha yako tafuta chochote kinachopepea: bendera, vumbi, moshi wa jikoni, au lile kombe la kitambaa linalofanana na mkono wa shati juu ya mlingoti. Halafu tazama pua ya ndege imeelekea wapi.

Panda juu

Uwanja ukifa huacha kovu. Ardhi iliyoshindiliwa na matingatinga haisahau haraka. Nyasi humea tofauti, miti hukataa kuota kwa mstari, na wakati mwingine barabara ya kijiji hufuata njia ya zamani ya ndege kwa sababu tayari ilikuwa imesawazishwa. Ukiwa chini huoni kitu. Ukiwa juu, kwa setilaiti, unaona mstari ulionyooka mno kuwa wa ng'ombe.

Uzuri ni kwamba kuna picha za juu zilizopigwa zamani. Kati ya 1946 na 1952, kikosi nambari 82 cha RAF kilipewa kazi ya kupiga picha sehemu kubwa za Afrika kutoka angani ili ramani zichorwe, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Ramani za zamani unaweza kuziulizia makao ya Survey of Kenya, Ruaraka. Nyaraka na picha nyingine ziko Hifadhi ya Taifa, lile jengo la Moi Avenue unalolipita kila siku ukienda stejini. Kwenye intaneti, makavazi ya vita ya Imperial War Museum, London, yana picha nyingi za Afrika Mashariki unazoweza kutazama bila malipo.

Linganisha picha yako na nyingine ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika. Usilinganishe vitu vinavyohama kama mahema na magari. Linganisha mto, reli, njia panda, umbo la kilima.

Turudi kwa guka

Sasa ishike tena picha ya sanduku. Mduara ulio ubavuni mwa ndege una nyeupe pana: baada ya 1947. Ndege ina injini ya duara, viti viwili, na kioo kirefu juu kama kivungulio cha nyanya: hiyo ni Harvard. Peke yake haikupi mwaka, maana Harvard zilitumika kufunza marubani katika Vita vya Pili pia. Lakini chini ya mabawa ya hii kuna mabomu madogo yamening'inia. Na mlima ulio nyuma hauna jino. Ni mgongo mrefu uliolala.

Ukiunganisha yote, huko si Nanyuki na si 1943. Mwaka wa 1953, RAF iliunda kikosi cha Harvard hapa Kenya, nambari 1340, kilichokaa kwanza Thika kisha kikahamia Mweiga. Kila ndege ilibeba mabomu manane ya takriban kilo tisa na bunduki moja ya rashasha. Kazi yao ilikuwa kushambulia wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Mwishoni mwa mwaka huo, ndege kubwa za injini nne aina ya Lincoln zilianza pia kuruka kutoka Eastleigh kwa kazi hiyohiyo, hadi 1955.

Unaona jinsi habari imegeuka? Guka hakuwa akimpiga Hitler. Alikuwa amesimama mbele ya ndege iliyokuwa ikilipua msitu wa nyumbani. Na shosho, ambaye wakati huo huenda alikuwa msichana katika kijiji kilichozungushiwa handaki, angeweza kuisikia ikipita.

Hapo ndipo vijana wengi huharibu. Wanakimbilia hukumu: “Kumbe guka alikuwa msaliti!” Au wanakimbilia kumsafisha: “Lazima alikuwa jasusi wa Mau Mau!” Picha haijasema hayo. Imesema tu kwamba alikuwa Mweiga, kati ya miaka fulani, kando ya ndege fulani. Huenda alikuwa mpishi. Huenda alikuwa kibarua aliyefyeka nyasi kwa ujira mdogo. Huenda alikuwa askari. Huenda alikuwa mfungwa aliyelazimishwa kazi. Kule Embakasi, maelfu ya watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari walichimba na kusawazisha ardhi ya uwanja ambao leo tunautumia kwenda Dubai na London.

Tazama mavazi yao. Wana viatu au hawana? Wana sare moja au kila mtu na shati lake? Kuna mlinzi pembeni? Kuna anayetabasamu? Viandike unavyoviona. Usiandike unavyotamani.

Muulize angali anakumbuka

Baada ya hayo yote, rudi kwa shosho. Lakini usimwendee na jibu. Ukimwambia, “Shosho, hii ni Mweiga 1953, sivyo?” atakubali tu ili mmalize chai. Mpe picha, keti kando yake, umsaidie kuchambua maharagwe, kisha umuulize maswali yasiyo na jibu ndani yake: Guka alikuwa akifanya kazi wapi kabla hamjaoana? Alikuwa akirudi nyumbani lini? Ndege zilipopita, mlifanya nini? Nani mwingine unamjua hapa?

Mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi. Akinyamaza, mwache anyamaze. Kuna mambo ambayo watu wa rika lake waliapa kutoyasema, na kuna mengine ambayo hawajawahi kuulizwa na mtu. Huwezi kujua ni yapi mpaka uketi.

Mambo mawili ya tahadhari. Kwanza, Eastleigh na Laikipia ni kambi za jeshi hadi leo. Usiende getini kupiga picha ili ulinganishe, na usirushe droni. Utajikuta ukijieleza kwa watu wasiotaka kusikia habari za guka. Tumia setilaiti. Pili, usiichubue picha ya zamani wala kuisugua kwa maji. Ipige kwa simu kivulini, mbele na nyuma, kisha uirudishe ilipokuwa.

Na yale maandishi ya “Nanyuki, 1943”? Usiyafute. Aliyeyaandika pia ni sehemu ya habari. Labda alisahau. Labda alijua vizuri sana, na aliona ni salama zaidi watoto wakiamini vita vilikuwa vya mbali. Chukua karatasi nyingine, andika ulichogundua, umekijuaje, nini huna uhakika nacho, jina lako na tarehe ya leo. Iweke pamoja na picha ndani ya sanduku.

Kuna mjukuu atakayelifungua siku moja, na yeye pia atataka kujua kama anafaa kukuamini.